Sifa za Kuoanisha Jeli na Mkaa

Barabara ya Meru kwenda Maua hupita Nchiru, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Mashamba ya Meru, na ya Embu kule kusini, hukuza makadamia. Kokwa huuzwa ng'ambo. Ganda huishia motoni. Nalisifu ganda hilo, pamoja na ufundi unaoweza kuligeuza kuwa hifadhi ya umeme.

Ganda huchomwa bila hewa likawa mkaa, kisha mkaa huchanganywa na haidroksidi ya potasiamu na kupashwa moto tena hadi nyuzi 700 au 800. Kemikali hiyo huula mkaa kutoka ndani na kuacha vinyweleo visivyohesabika, vingi vyembamba kuliko nanomita 2. Gramu moja tu yaweza kuwa na uso wa mita za mraba 2,000, yaani nusu ekari. Umeme huhifadhiwa kwenye uso huo, ioni za elektroliti zinapojipanga juu yake. Helmholtz alieleza mwaka 1853 jinsi chaji zinavyojipanga tabaka mbili; Becker wa General Electric akapata hataza ya kapasita ya kaboni, aina iitwayo leo superkapasita, mwaka 1957.

Lakini uso usiofikiwa na ioni ni shamba lisilo na njia. Elektroliti ya kimiminiko hupenya upesi, ila huvuja. Ya jeli haivuji, ila ni nzito, nayo husita mlangoni mwa kinyweleo. Hapo ndipo fundi hujulikana. Hukoroga polivinili alkoholi katika maji ya nyuzi karibu 90, polepole, mpaka ukungu wote utoweke na uji ung'ae. Ukishapoa kidogo, hutia asidi ya fosforiki. Huupaka kwenye elektrodi ya mkaa ule ungali mlegevu, hungoja unywewe, hupaka tena, kisha hugandamiza elektrodi mbili uso kwa uso. Akiharakisha, jeli huganda juujuu, na sehemu kubwa ya ile nusu ekari hulala bure. Akikausha mno, ioni hukwama.

Kwa uzito uleule, superkapasita hubeba nishati kidogo kuliko betri ya lithiamu. Hata hivyo hujaa kwa sekunde, na huweza kujazwa na kutolewa chaji mara laki kadhaa, kwa kuwa ioni huja na kuondoka bila kuila kaboni.

Basi anayeipima kazi hii asiishie kuuliza mkaa una uso kiasi gani. Aulize jeli imeufikia kiasi gani. Mikono inayoweza kujibu swali hilo la pili ndiyo itakayolipa ganda la Meru thamani yake.