Mbona kitabu cha Kiswahili hakifungwi kwa karatasi ya zawadi?

Shule zilipofungwa mwezi Agosti, niliabiri matatu mjini Embu nikaelekea Meru kumwona binti yangu na mjukuu wangu wa miaka sita. Tulipita Runyenjes, tukavuka Mto Thuci, tukapita Chuka, Igoji na Nkubu. Mkobani nilikuwa na kitabu kimoja chembamba cha hadithi. Nilikiandika mwenyewe miaka kumi na minane iliyopita, na nilidhani babu hana zawadi bora zaidi ya hiyo.

Sikuwa nimekaa hata kitini binti yangu akanishika mkono. "Baba, kuja kwanza uone chumba cha mtoto." Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kisima nyuma ya nyumba. Kwa miezi kadhaa alikuwa akizunguka madukani, Meru na Nairobi, akikusanya kidogo kidogo. Palikuwa na rafu ya vitabu vya picha vyenye majalada magumu, wanasesere wa kitambaa, taa yenye umbo la mwezi, pazia la nyota, chati za ukutani na stika za maneno juu ya kitanda. Nilikagua kila kitu kama mtahini, kisha nikakiri kwamba chumba kilipendeza. Utotoni mwangu tulicheza na gari la waya na mwanasesere wa gunzi la mahindi. Siwezi kumlaumu mzazi anayemtakia mwanawe zaidi ya hayo.

Kisha nikahesabu. Rafuni palikuwa na vitabu thelathini na kimoja. Vyote vilikuwa vya Kiingereza.

Nikatoa changu. Mjukuu alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Guka." Akakifungua kutoka nyuma. Akapekua hadi kurasa za mwisho, akaona penye maneno "Zoezi la Kwanza", akainuka kwenda kutafuta penseli. "Guka, nijibu yote ama mpaka namba tano?"

Wapenzi wa Kiswahili, nimetahini tasnifu nyingi maishani, lakini sikumbuki swali lililonitahini kuliko hilo. Mtoto hakuwa amekosea. Kila kitabu cha Kiswahili alichowahi kukishika kilikuja na maswali, na kila kitabu kisicho na maswali kilikuwa cha Kiingereza. Alikuwa amefikia hitimisho lake kwa ushahidi aliokuwa nao: Kiswahili ni kazi ya shule, nacho Kiingereza ni cha kulalia.

Niliporudi Embu niliamua kufanya uchunguzi mdogo. Niliingia katika duka moja la vitabu, nikamwomba kijana aliyekuwa kaunta anionyeshe vitabu vya watoto vya Kiswahili. Akaniuliza, "Mzee, ni vya gredi gani?" Nikamwambia si vya gredi, nataka zawadi. Akanyosha kidole upande wa pili. "Sasa zawadi ziko kule." Kule kulikuwa na vitabu vya Kiingereza, kadi, puto na karatasi za kufungia. Duka la pili lilinijibu vivyo hivyo, na la tatu pia.

Siwalaumu wenye maduka. Tangu mwaka 2018 serikali hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha katika shule za umma, na biashara iliyokuwa uti wa mgongo wa maduka ya miji kama Embu na Meru ikapungua. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 2013 ilikuwa imevitoza vitabu ushuru wa VAT wa asilimia 16. Mwenye duka hujaza rafu kwa kinachotoka, na siku hizi zawadi na mapambo ya vyumba vya watoto vinatoka. Mchapishaji naye huitazama kwanza idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), kwa kuwa penye idhini ndipo penye soko. Hivyo hadithi ya mtoto hupimwa kwa mada za mtaala, huwekewa msamiati na maswali, kisha huchapishwa kwa karatasi nyepesi ili bei isipande. Kitabu kikiisha kuvalishwa sare namna hiyo, nani atakifunga kwa utepe?

Lakini rafu ni nusu tu ya jambo lililonishughulisha. Ukutani mle chumbani Kiswahili kilikuwapo, kwani binti yangu alikitafuta kwa makusudi. Ni Kiswahili hicho ninachotaka kukihakiki, maana mtoto atakitazama kila asubuhi kabla hajamwona mwalimu yeyote.

Tuanze na chati ya alfabeti. Ina herufi 26, sawa na za Kiingereza. Penye Q pana picha ya malkia na neno "Kwini". Penye X pana picha ya mifupa na neno "Eksirei". Maneno yote mawili yenyewe yanaanza kwa herufi nyingine, kwa hivyo chati inajikanusha mbele ya mtoto. Kiswahili sanifu hakina q wala x katika maneno yake, na c haisimami bila h. Kwa upande mwingine, ch, dh, gh, ng', ny, sh na th hazikupewa hata kisanduku kimoja. Ng'ombe amefungwa pamoja na nanasi chini ya N. Mtoto wa Meru au Embu huitamka ng' tangu anapoanza kusema, kwa sababu imo katika Kimeru na Kiembu pia. Ni sauti yake ya nyumbani, lakini chati inayodai kumfunza haijui kwamba ipo.

Kuna kosa la ndani zaidi. Kumfunza mtoto herufi mojamoja kwa picha kunafaa Kiingereza, ambacho tahajia yake ina mikunjo mingi. Kiswahili husomwa kwa silabi. Mtoto akishaweza ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma baba, babu na bibi siku hiyohiyo. Mimi nilijifunza kusoma hivyo, chini ya paa la mabati, bila picha hata moja. Mchoraji wa chati hii angepanga silabi na kuzipamba kwa rangi zilezile, angemrahisishia mtoto kazi ya muhula mzima.

Tuje kwenye stika. Ya kwanza, yenye herufi za dhahabu, inasema: "Ota kubwa." Aliyeiandika ametafsiri msemo wa Kiingereza neno kwa neno, akakiacha kivumishi kikining'inia bila nomino. Kubwa nini? Kitenzi "ota" nacho kina maana kadhaa: mtu huota ndoto, huota jua, mbegu huota, na meno huota. Mjukuu wangu, ambaye meno yake mawili ya mbele yameng'oka, alinieleza kwa uhakika kwamba maandishi yale yanamwambia aote jino kubwa. Nilicheka mpaka nikaketi. Hata hivyo, kisarufi tafsiri yake ilikuwa na mashiko kuliko ya mtengenezaji.

Ya pili inasema: "Nakupenda hadi mwezini na kurudi." Huo ni ukadiriaji wa nauli. Mtu mzima anayejua Kiingereza ataukumbuka msemo uliokusudiwa na kutabasamu. Mtoto ataona safari tu. Je, Kiswahili kimekosa namna ya kumwambia mtoto kwamba anapendwa? Tuna mboni ya jicho. Tuna neno "tunu", yaani kitu cha thamani kisichopatikana kwa urahisi, ambacho mtu humpa ampendaye. Huko pwani wazazi huwapa binti zao jina hilo. Mtoto akilala chini ya maneno "Tunu ya nyumba hii" hahitaji kupelekwa mwezini. Wakati wa kuzima taa, tuna "lala unono", maneno mawili ambayo sijayaona kwenye stika yoyote.

Msomaji anaweza kusema kwamba kupamba chumba kwa maneno ni desturi ya kigeni, kwa hivyo Kiswahili kina haki ya kuyumba humo. Sikubaliani. Ni lugha chache zilizozoea kuandikwa kwenye vitu vya nyumbani kama Kiswahili. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na leso zenye chapa ya "Mali ya Abdulla" zikaenea Afrika Mashariki. Leso ina pindo, mji na jina, na hilo jina ni sentensi fupi iliyopimwa. "Nani kama mama" ni maneno matatu tu, wala hayakutafsiriwa kutoka popote. Leso hutolewa zawadi, hubebea mtoto mgongoni, humfunika akilala. Hata huku kwetu mlimani, mama zetu walidarizi vitambaa vya "Karibu Mgeni" wakavitundika sebuleni. Ujuzi wa kuandika Kiswahili cha kupendeza nyumbani tunao. Tumeukomesha mlangoni pa chumba cha mtoto.

Wala si kweli kwamba kitabu kizuri cha watoto hakijawahi kuvaa Kiswahili. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilichapisha Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies ya kisa maarufu cha Lewis Carroll, na michoro yake ikamwonyesha Elisi akiwa msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akatoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Vitabu vyote viwili vilimchukulia mtoto wa Kiswahili kuwa msomaji anayestahili mchezo, utani na upuuzi mtamu. Vyote viwili pia vilichapishwa ng'ambo. Majirani zetu Tanzania walianzisha Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka 1991 ili kuwasaidia waandishi na wachapishaji wa hadithi za Kiswahili kwa watoto. Hapa kwetu wataalamu kama Pamela Ngugi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wameitafiti fasihi ya watoto kwa miaka mingi. Wengi wetu tuliobaki katika idara za Kiswahili tuliiona kazi ndogo. Tuliandika vitabu vya watoto wakati karo za watoto wetu zilipobana.

Ninasema "tuliandika" kwa kuwa nimo. Kitabu nilichompelekea mjukuu kinahusu msichana anayempoteza mbuzi wa nyanya yake siku ya soko. Hadithi ina kurasa kumi na sita. Mhariri aliniambia bila mazoezi hakitauzika, nami nikaongeza kurasa nane za maswali, nikazimaliza kwa jioni moja. "Mbuzi alipotea siku gani? Nyanya alisema nini? Tumia neno hili katika sentensi." Fedha zilikuja na nikazihitaji. Sikuwaza kwamba miaka kumi na minane baadaye mtoto wa damu yangu angekipokea kitabu hicho akaenda kutafuta penseli.

Nina mapendekezo matatu, na yote ni ya kawaida. Kwanza, wachapishaji watoe hadithi zao katika matoleo mawili, la shule na la nyumbani. Hadithi ni ileile. La nyumbani liondolewe mazoezi, liwekewe karatasi nzito na jalada la kudumu. Pili, wanaotengeneza chati na stika wamtafute mtu anayeijua lugha kabla ya kuchapisha. Vyuo vikuu vya Embu na Chuka viko kando ya barabara ileile niliyosafiria, na mwanafunzi yeyote makini wa Kiswahili angeiona ile "Kwini" kwa dakika moja. Tatu, mzazi anayeuliza dukani asikubali kuulizwa gredi. Aseme anataka zawadi, na arudi tena wiki ijayo kusema hivyo hivyo. Mwenye duka husikia anachoulizwa mara nyingi.

Mimi nilianza na nililoliweza. Usiku ule, mjukuu alipolala, nilichukua wembe wa kunyolea nikazikata zile kurasa nane taratibu, karibu na mshono. Asubuhi nikamrudishia kitabu. Alikipekua kutoka nyuma kama kawaida yake, akakuta hadithi inaishia tu kwa mbuzi kurudi nyumbani. Akanitazama.

"Maswali yameenda wapi, Guka?"

"Hakuna. Hiki si cha shule. Ni chako."

Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Ukurasa wa nne akasimama. "Huyu mbuzi anaitwa nani?"

Nilikuwa nimetunga maswali thelathini kuhusu mbuzi yule, na hilo halikuwamo. Wala sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwahi kumpa jina. Mjukuu akampa. Nimemwandikia mchapishaji nikimwomba toleo jipya lisilo na mazoezi, na ndani yake mbuzi awe na jina hilo.