Muhula wa Pili au wa Tatu? Upendeleo wa Redio Huanzia Wapi

Tunapowauliza wanafunzi chanzo cha upendeleo wa kisiasa katika vyombo vya habari, jibu jepesi huja haraka: mwandishi ni wa kabila fulani au chama fulani, basi ataegemea huko. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo halitoshi. Mfano wetu ni Burundi.

Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995, ilijaribu kutibu ugonjwa huu kwa kuwatuma Mhutu na Mtutsi pamoja kutafuta habari moja. Dawa hiyo ilisaidia, wakati ambapo uchochezi wa RTLM ya Rwanda (1993-1994) ulikuwa bado unakumbukwa vizuri. Lakini haikugusa swali jingine: redio ni ya nani, na nani anailipia? RTNB ni ya serikali. RPA (2001) na Isanganiro (2002) zilitegemea sana wafadhili wa nje. Mwanzilishi wa RPA, Alexis Sinduhije, baadaye aliongoza chama cha upinzani cha MSD. Rema FM nayo inajulikana kuwa karibu na chama tawala, CNDD-FDD. Mwandishi anaweza kuwa mwadilifu kabisa, ila anajua ni habari ipi itamfanya aitwe na mkubwa wake.

Chanzo cha tatu kinatuhusu sisi walimu wa lugha, nacho ni neno lenyewe. Rais Pierre Nkurunziza alichaguliwa na Bunge mwaka 2005, kisha na wananchi mwaka 2010. Alipogombea tena mwaka 2015, wapinzani walisema huo ni muhula wa tatu, uliokatazwa na Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000. Wafuasi wake walisema ni wa pili, kwa kuwa ule wa kwanza haukutokana na kura ya wananchi wote. Mei 2015 Mahakama ya Katiba ilimruhusu kugombea. Mtangazaji aliyesema "muhula wa tatu" alikuwa amekwisha kuhukumu. Aliyesema "muhula wa pili" alikuwa amehukumu pia. Hesabu tu, tunayoifundisha mwaka wa kwanza, ilikuwa imebeba upande. Ndivyo ilivyokuwa kwa "waandamanaji" na "waasi". Njia ya haki ilikuwepo: kusema "kugombea kwake tena", kisha kueleza hoja zote mbili. Inahitaji sentensi mbili zaidi tu.

Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema FM zilishambuliwa. Isanganiro na Rema zilirudi hewani Februari 2016. Katika miezi hiyo, msikilizaji wa Kajaga, kwenye barabara ya kuelekea Gatumba na mpaka wa Kongo, alibaki hasa na RTNB, idhaa za nje na uvumi wa simu. Wapo wanaosema heri kimya kuliko redio yenye upande. Hatukubaliani nao. Redio mbili zenye upande humwezesha msikilizaji kulinganisha. Redio moja humnyima hata wazo kwamba lipo neno jingine.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi moja la darasani. Chukua habari moja kutoka vituo viwili. Wanafunzi waorodheshe majina waliyopewa wahusika. Waangalie kauli ya kutendwa: katika "watu watatu waliuawa", aliyeua yuko wapi? Wahesabu waliohojiwa, na wataje aliyepaswa kuhojiwa lakini hakuhojiwa. Mwisho waulize kituo ni cha nani. Mwanafunzi anayeanza kwa kuuliza kabila la mtangazaji atakuwa na jibu kabla ya kusikiliza. Anayeanza na sentensi atalazimika kusikiliza kwanza.