Kodi ya Kilwa Iliyomwangukia Mdhamini

Julai 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa Kisiwani, akamtaka Amiri Ibrahim amtii mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka, la sivyo mji utachomwa. Habari za mizinga zinajulikana. Linalostahili kuchambuliwa ni namna deni lilivyohama.

Kwa masimulizi ya Wareno, ili aachiwe arudi mjini, Amiri alimwacha merikebuni tajiri mmoja, Muhammad Ankoni, awe rehani. Alipofika nchi kavu hakuleta kitu. Inasemekana alimwona Ankoni kuwa mpinzani, na kupotea kwake kusingemuuma. Ankoni akalipa kwa mali yake deni ambalo hakulikopa.

Rehani ya kawaida, jahazi au shamba, humbana mdaiwa kwa sababu akishindwa kulipa anapoteza chake. Hapa mdaiwa alinufaika rehani ikipotea. Mkataba wa namna hiyo umeoza tangu siku ya kwanza, na anayebanwa ni yule tu mwenye cha kupoteza. Da Gama, kwa upande wake, hakujali dhahabu inatoka mfuko wa nani.

Mfalme Manuel aliitumia dhahabu ya Kilwa kutengenezea chombo cha ibada kilichokamilika 1506, ambacho kiko Lisbon hadi leo. Dhahabu hiyo inatajwa kuwa mithkali 1,500, yaani zaidi ya kilo 6. Maandishi yaliyochorwa juu ya chombo hicho yanasema ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Ankoni halimo. Kwenye kumbukumbu, mji ndio uliolipa.

Na malipo yale hayakumaliza kitu, kwani kodi ilikuwa ya kila mwaka. Julai 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alifika akidai malimbikizo, akalalamika pia kwamba bendera ya Ureno haipeperushwi. Aliuteka mji, Ibrahim akakimbia, Ankoni akatawazwa. Mwaka uliofuata aliuawa.

Ankoni hakuwa na mahali pa kusema, "Deni hili si langu." Mfanyabiashara wa leo wa Kilwa Masoko au Lindi anapo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa siku 30 tangu kupokea makadirio awasilishe pingamizi kwa Kamishna Mkuu, huku akilipa kiasi asichobishia au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Asiporidhika na uamuzi, anakwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Akinyamaza, Kamishna anaweza hata kuiagiza benki ilipe deni kutoka kwenye akaunti yake, naye akagundua siku anapokwenda kutoa fedha.

Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kuomba mchanganuo wa deni kwa maandishi: namba ya mlipakodi ni ya nani, kodi ni ya aina gani na ya mwaka upi, stakabadhi zipi hazijahesabiwa. Deni likifutwa, aombe barua ya kuthibitisha hivyo, kisha nakala aipeleke benki mwenyewe.