Madirisha Mawili ya Dawa

Tuchukue famasia ya hospitali ya umma, Wote au Mwingi, siku ya kliniki, foleni imefika nje. Dirisha la kwanza linatoa amoksilini, kisha parasetamoli. Dirisha la pili linaanza na parasetamoli, kisha amoksilini. Hifadhidata huufunga mstari wa kila dawa hadi muamala mzima uishe, ili hesabu ya stoo isivurugike. Basi la kwanza limeshika amoksilini na linangoja parasetamoli. La pili limeshika parasetamoli na linangoja amoksilini. Hifadhidata hiyo, tuseme MySQL, huugundua mzunguko huo, yaani mkwamo, papo hapo, hubatilisha muamala mmoja, kwa kawaida ule uliobadilisha mistari michache, na mhudumu huonyeshwa kosa 1213. Anajaribu tena, inakubali, foleni inasonga.

Wengi huishia hapo. Ninaowastahi ni wale wanaouliza kwa nini.

Kazi hii ya kusaka chanzo cha mkwamo si ya ughaibuni. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 kutokana na kazi ya matibabu ya VVU kule Eldoret, huhifadhi rekodi zake katika MySQL, na KenyaEMR imejengwa juu yake. Seva mara nyingi hukaa ndani ya kituo chenyewe, kwa hiyo mtaalamu hupanda matatu hadi Makindu au Kyuso akaketi mbele yake.

Anachokisoma ni ripoti ngumu ya MySQL kuhusu mkwamo. Kwanza, MySQL huweka mkwamo wa mwisho tu. Asipowasha mpangilio wa kuandika mikwamo yote, ule wa asubuhi umefutwa na ule wa adhuhuri. Namba ya dawa nayo imeandikwa 80000007. Macho mageni huona takataka. Mzoefu anajua kwamba biti ya alama ya chanya au hasi imegeuzwa, na kwamba hiyo ni dawa namba 7.

Ugumu hasa uko kwingine. Ripoti huonyesha amri inayongoja, lakini haionyeshi amri iliyochukua kufuli linalong'ang'aniwa, kwa sababu hiyo ilishapita. Matoleo ya zamani yalikuwa machoyo zaidi: kwa muamala wa kwanza hayakutaja hata kufuli ulilolishika. Kwa hiyo mtaalamu hufungua programu yenyewe, akatafuta kila mahali panapogusa jedwali lile, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye amri iliyotangulia. Wakati mwingine hugundua kwamba dawa ilitafutwa kwa jina, na safu ya jina haina faharasa. Kwa mpangilio wa kawaida wa MySQL, kila mstari uliopekuliwa njiani hufungwa, na aliyetaka dawa moja ameifunga stoo nzima. Wakati mwingine kufuli limekaa kwenye pengo kati ya mistari miwili, mahali pasipo na dawa yoyote. Kulitambua hilo kunahitaji mtu asiyekimbilia jibu.

Walio na haraka huongeza muda wa kungoja kufuli, ambao kwa kawaida ni sekunde 50. Haisaidii kitu, waliozungukana hawaokolewi na subira. Mwaka 1971 Coffman na wenzake walionyesha kwamba mkwamo huhitaji masharti manne kwa pamoja, na kuvunja moja kunatosha. Mtaalamu wetu huvunja lile la mzunguko: dawa zote za muamala zipangwe kwa namba kabla ya kuguswa. Mara nyingi ni mstari mmoja wa programu, na naupenda udogo wake baada ya msako mrefu kiasi hicho.

Kisha huthibitisha. Kwenye nakala ya majaribio hufungua vipindi viwili, akaigiza madirisha yote mawili kwa mkono, amri moja huku, amri moja kule, hadi 1213 itokee mbele ya macho yake. Halafu hurudia kwa mpangilio mpya. Kipindi cha pili kinasimama kwenye dawa ya kwanza kabisa, kikiwa hakijashika chochote. Cha kwanza kinamaliza, na cha pili kinaendelea.