Uso wa Mwanafunzi na Nuru Yake

Katika nyumba moja hapa Chiola zimetundikwa picha mbili ukutani, nazo zimetupa neno la kusema na wasomaji wetu mwezi huu. Ya kwanza ni ya babu, haina rangi, imepigwa zamani za ujana wake shuleni. Ameketi barazani, na mwanga wa uani wamjia kwa upande wa kushoto. Ya pili ni ya mjukuu wake wa kike, ina rangi zote, imepigwa siku alipomaliza darasa la saba. Ya babu imeliwa na mende pembeni, walakini uso wake wasomeka: twaona paji, twaona macho, twaona hata haya kidogo ya kijana asiyezoea kutazamwa. Ya mjukuu ni mpya kabisa, lakini tulipomwomba mama yake atuonyeshe binti yake, alijibu, “Mwalimu, shati nalijua, maana nililifua mwenyewe. Uso ndio siuoni.”

Jawabu hilo lilituhuzunisha, nasi twaona yafaa kuzipima picha hizi mbili kwa haki. Hatutaki kumcheka mpiga picha. Kazi yake ina mema: rangi ya sare ni ya kweli, picha haikutikisika, na mtoto amesimama wima, cheti mkononi. Basi alikosa nini?

Alikosa kwanza katika saa. Mtoto alisimamishwa katikati ya uwanja mchana saa sita. Chiola iko kama digrii 10 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo, karibu na tarehe 20 Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu sawasawa juu ya utosi. Tena ndiyo majira ya mahafali ya shule nyingi. Nuru ishukayo hivyo huangaza nywele, paji na ncha ya pua, na macho huyaacha ndani ya mashimo meusi. Tumefundishwa ya kwamba Mungu aliumba nuru siku ya kwanza, na mtu siku ya sita. Mpiga picha naye afuate utaratibu huo: atafute nuru kwanza, kisha amwite mtoto.

Kosa la pili latoka kwenye shati. Kamera nyingi, hata zile zilizo ndani ya simu, zikiachwa zijiamulie, hukadiria mwanga wa picha nzima. Zikiona shati jeupe na ukuta uliopakwa chokaa, hudhani mwanga umezidi, nazo huupunguza. Shati hutoka vizuri, na ukuta hutoka vizuri; alipaye deni lao ni uso mweusi wa mtoto. Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi huko Ulaya na Marekani zilirekebisha rangi zao kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu; ikawa uso wake ndio kipimo, na nyuso zetu zikahesabiwa kuwa giza. Basi mtu asiseme ya kwamba uso mweusi haufai kupigwa picha. Uso haukukosa kitu. Aliyekosa ni apimaye mwanga bila kuutazama.

Ushahidi upo. Mjini Bamako, katika nchi ya Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Mara nyingi alipiga picha uani kwake kwa mwanga wa mchana, na shuka ya kitandani mwake ilikuwa pazia la nyuma. Kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga kila mtu mara moja tu. Walakini alimgeuza kidogo, akaiacha nuru ipite juu ya shavu moja na kufifia juu ya la pili. Na leo watu wa mataifa mengi hukaa mbele ya picha zile na kuzitazama.

Tuje sasa kwenye mpango wa picha. Babu ameijaza picha yake, kuanzia kifuani hata juu kidogo ya kichwa, na nyuma yake hakuna kitu ila ukuta wa udongo. Mjukuu amepigwa kutoka viatuni. Nusu ya picha ni mbingu, na uso wake hauzidi punje ya mhindi. Mlingoti wa bendera u nyuma yake, kana kwamba umeota utosini. Tena mpiga picha alisimama wima, akamtazama mtoto kwa chini. Aliyempiga babu aliishusha kamera hata ikalingana na macho yake, na kwa ajili hiyo babu aonekana mtu mwenye heshima.

Labda mtu atasema, “Wanafunzi ni wengi, na mpiga picha hulipwa kwa idadi ya picha, hana nafasi ya kuchagua.” Neno hili lina haki ndani yake, illa tuyasemayo hayana gharama. Wanafunzi na waje mmoja mmoja barazani, kivulini, karibu na ukingo, wageuzwe kidogo kuelekea uani. Uwanja uliofagiwa hurudisha mwanga usoni kutoka chini. Usipotosha, mwenzake mmoja ashike kanga nyeupe upande wa giza. Chini ya mwembe si pazuri sana, maana jua hupenya majani na kuutia uso madoadoa. Na mwenye simu aguse uso wa mtoto kwenye kioo, ili simu ipime mwanga wa uso, si wa shati.

Mtu asidhani twagombania urembo. Simu zimejaa picha, lakini simu hupotea na kuharibika. Katika nyumba nyingi za vijijini picha ya shule ndiyo pekee iliyochapwa karatasini. Mtoto akienda mbali kusoma, mama hubaki nayo. Na akitangulia mbele ya haki kabla ya wazazi wake, mara nyingi ndiyo hukuzwa na kubebwa mbele ya jeneza. Siku hiyo hakuna awezaye kumwita arudi barazani.

Binti yule yu mzima, ashukuriwe Mungu, naye yuko mbali, katika bweni la sekondari. Picha yake ingali ukutani kando ya babu yake. Mama hakuishusha, maana hana nyingine.