Gunia au Magunia? Upatanisho wa Ngeli katika Dirisha Linalojibadilisha

Waandishi wa programu hufurahia kuona lebo ya dirisha la kompyuta ikibadilika yenyewe mara data inapobadilika. Msingi wa utaratibu huo uliwekwa mwaka 1979, Trygve Reenskaug wa Norway alipokuwa mgeni Xerox PARC, California: data ikae peke yake, na kila kinachoionyesha kipashwe habari inapogeuka. Hatuna ugomvi na wazo hilo. Ugomvi wetu ni na jinsi linavyotumiwa kwa Kiswahili.

Tuchukue mfano wa mizani ya kompyuta katika depo ya madini huko Kolwezi, ambako mchimbaji mdogo hulipwa kwa uzito wa mzigo wake na kiwango cha kobalti au shaba kilichomo. Lebo inasema: "Gunia 1 limepimwa." Kazi inaendelea, namba inajigeuza: "Gunia 12 limepimwa." Fundi ataridhika. Msomaji ataelewa kwamba limepimwa gunia lenye namba 12, yaani moja tu. Kilichoharibika hapo si sarufi peke yake. Ni malipo ya mtu.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe ina utaratibu uo huo. Katika "Gunia langu lile zito limepimwa", geuza nomino tu, na maneno manne yanaifuata: "Magunia yangu yale mazito yamepimwa." Mfasiri anayeachiwa tundu la namba ndani ya sentensi iliyoganda amenyimwa nguvu hiyo. Zana kama gettext humruhusu kuandika sentensi ya umoja na ya wingi, nalo ni jambo jema. Lakini nomino nayo ikiwa data (leo magunia, kesho wachimbaji, kesho kutwa mizigo), ngeli haina pa kukaa.

Aidha, Kiswahili cha Katanga, ambacho Edgar Polomé alikichunguza Lubumbashi katika makala yake ya mwaka 1968, husema ba- na bi- mahali pa wa- na vi-, na upatanisho wake ni mlegevu kuliko wa Kiswahili sanifu. Kwa msomaji wa huko, li- na ya- za kitenzi hazitoshi kumwonya. Nomino yenyewe lazima igeuke.

Wengine watakimbilia "Idadi ya magunia: 12". Haina kosa, na deponi hata sisi tungeichagua. Ila ni lugha ya daftari. Dirisha likitakiwa kueleza ni nani wamelipwa, na kwa magunia yapi, itabidi sentensi nzima ifungamanishwe na data, wala si namba pekee.