Kauli ya Kutendwa

Tarehe 2 Novemba 2023, Mfalme Charles III na Malkia Camilla walitembea kwenye mchanga wa pwani ya Nyali. Shangazi yangu, mzaliwa wa Kisauni ambaye siku hizi anakaa Nyali kwa bintiye, hakwenda kutazama. Nilimkuta barazani akichambua mchicha, redio iko ubavuni. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akakung'uta kanga, kisha akaniuliza: “Hebu niambie wewe uliyesoma. Huyu mgeni kasema samahani au kasema pole?”

Nilijibu haraka, na nilijibu vibaya. Nilimwambia kasema yote mawili. Usiku ule nilirudia hotuba aliyoisoma Ikulu ya Nairobi siku mbili kabla, neno kwa neno, nikaona kwamba shangazi ameshika uzi ambao wengi wetu tuliuacha. Mjadala wa siku zile ulikuwa kama Mfalme ameomba radhi au hakuomba, basi. Ni wachache waliotazama sentensi zenyewe zimejengwaje. Nami naamini ujenzi wake ndio uliobeba ujumbe.

Ziara ya kiserikali ni utanzu, tena utanzu wenye arudhi kali. Utenzi huanza kwa dua ukamalizia kwa jina la mtunzi na tarehe. Ziara nayo ina mizinga, gwaride, shada kaburini, mti wa kupandwa, zawadi, dhifa, na katika dhifa hotuba mbili: ya mwenyeji, kisha ya mgeni. Hotuba ya mgeni ikisha, watu huinua bilauri. Kila kipande kina mahali pake, na msikilizaji aliyezoea huhisi mara moja pale ambapo mizani imepungua au kituo kimesogezwa.

Dhifa ya tarehe 31 Oktoba ilikuwa na kituo kimoja kilichongojwa na kila mtu. Kenya ilikuwa inakaribia miaka 60 ya uhuru. Hii ndiyo ilikuwa ziara ya kwanza ya Mfalme katika nchi ya Jumuiya ya Madola tangu atawazwe. Rais Ruto alikwisha kuutaja ukatili wa wakoloni waziwazi, akasema bado kuna mengi ya kufanywa kuhusu fidia kamili. Ikafika zamu ya mgeni. Nikiyageuza maneno yake kwa Kiswahili, alisema kwamba makosa ya zamani ni sababu ya huzuni kuu kabisa na majuto makubwa kabisa. Kwamba kulikuwa na vitendo vya ukatili, vya kuchukiza na visivyoweza kuhalalishwa, vilivyotendwa dhidi ya Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru wao. Na kwamba kwa hayo hakuwezi kuwa na udhuru.

Hayo si maneno mepesi, na asiyeyapa uzito wake hakuyasoma. “Kuchukiza” ni neno zito kinywani mwa mfalme. “Hakuna udhuru” ni zito zaidi, maana linafunga mlango ambao serikali yake iliutumia kwa miaka mingi. Lakini tazama vitenzi. Kila mtoto aliyesoma shule ya Kenya amefundishwa kauli: kutenda, kutendwa, kutendeka, kutendea. Vitendo “vilitendwa”. Hiyo ni kauli ya kutendwa, ambayo kwa kawaida humdai mtenda aje nyuma yake na neno “na”: vilitendwa na fulani. Hapa “na” haikuja. Badala yake imekuja “dhidi ya”, na nyuma ya “dhidi ya” wamo Wakenya. Aliyeumizwa ametajwa kwa jina la taifa lake. Aliyeumiza hayumo katika sentensi.

Halafu kile kijineno “ya” katika “makosa ya zamani”. Kihusishi hiki kazi yake ni kuonyesha mwenye mali: nyumba ya Ali, shamba la babu. Makosa ni ya nani? Ya zamani. Wakati umepewa umiliki wa kosa, kana kwamba miaka ya hamsini ndiyo iliyoshika kiboko.

Lazima niwe mwadilifu hapa. Sentensi haikusema “vilitendeka”. Mtoto akisema kikombe kimevunjika, amekiachia kikombe kivunjike chenyewe. Akisema kimevunjwa, amekiri kwamba upo mkono. Mfalme alikiri kwamba mkono ulikuwapo. Alichokosa kusema ni mkono wa nani, na hotuba za namna ile hupitishwa na mawaziri kabla hazijasomwa. Mwaka 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alipolieleza Bunge la Uingereza kuhusu malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na wakoloni dhidi ya Mau Mau, alisema serikali yake inajuta kwa dhati, huku ikikataa dhima ya kisheria. Majuto ya Ikulu yalitoka katika chungu kile kile. Wanasheria wanajua kwamba ukikitaja kiima, kesho kiima kinaweza kuitwa mahakamani.

Siku moja baada ya dhifa ile, ng'ambo ya mpaka, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, Tanzania, mbele ya wazao wa mashujaa wa vita vya Maji Maji, akiwamo ukoo wa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ratiba za marais hazikupangwa kwa ajili ya wahakiki, ila sijapata kuona matini mbili za utanzu mmoja zikiwekwa karibu namna ile. Steinmeier, kwa Kiswahili changu, alisema: kama Rais wa Ujerumani, naomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zenu hapa.

Chukua kitenzi kimoja tu, “waliwatendea”. “Wa” ya kwanza ni Wajerumani. “Wa” ya pili ni mababu. Mtenda na mtendewa wamefungwa ndani ya neno moja, na kiambishi cha kutendea kimewekwa nyuma ya mzizi. Mwanzoni kuna “naomba”, nafsi ya kwanza, mtu aliyesimama na cheo chake. Mwishoni kuna “hapa”: si zamani wala mbali, ni udongo alioukanyaga.

Tena “naomba” inafanya jambo ambalo “huzuni” haiwezi kulifanya. Sisi watu wa Pwani, mtu akitaka kwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi: nilichokukosea, nisamehe. Hapo hunyamaza, angoje. Mwenzake ndiye anayemaliza utungo kwa kusema nimekusamehe, nawe nisamehe, au, Mungu apishe mbali, kwa kugeuza uso. Ombi la msamaha ni beti mbili, na ya pili iko mkononi mwa aliyekosewa. Majuto yana ubeti mmoja. Mwenye kujuta anajimalizia mwenyewe. Mimi msikilizaji nimebakiwa na kazi ya kuinua bilauri. Ndiyo maana shangazi aliuliza vile. Pole humwambia hata mtu uliyemkuta amejikwaa njiani, nawe huna hatia. Samahani husemi ila mkono wako umo.

Songea haikumaliza deni. Ujerumani haikutoa ahadi ya fidia siku ile, na Uingereza angalau imewahi kulipa, ingawa kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilianguka London mwaka 2018. Ningependa fedha ya mmoja na sarufi ya mwingine.

Narudi Mombasa, maana ziara haisemi kwa hotuba peke yake. Husema kwa ramani. Nairobi ilipewa historia: bustani ya Uhuru, kaburi la shujaa asiyejulikana, dhifa, sentensi za majuto. Mombasa tulipewa bahari. Mtongwe, upande wa Likoni, wanamaji wa Kenya waliofunzwa na Waingereza walionyesha namna ya kuvamia ufuo. Hapa Nyali wageni walielezwa kazi ya Kuruwitu, wavuvi wa Kilifi waliotenga eneo lao la bahari ili samaki na matumbawe wapumue, kazi ya kuheshimiwa ambayo ilikwisha kutuzwa duniani mwaka 2017. Siku ya pili ikawa kanisa kuu la Kianglikana na viongozi wa dini, kisha Fort Jesus, ngome ya Wareno ambayo Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Ukiisoma ratiba kama sentensi, inasema: maumivu yako bara, Pwani ni upepo na mawimbi.

Hapo mimi nakataa. Manyani na Mackinnon Road, kambi zilizomeza maelfu ya waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari, ziko Pwani kwetu. Kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, kilikuwa kizuizi. Na Hola iko Tana River. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi wakafa huko kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Isome tena polepole. Walikufa: kitenzi kisichodai mtenda hata kidogo. Na kama msomaji angemtafuta mtenda, angeyakuta maji. Kutoka “walikufa” ya mwaka 1959 hadi “vilitendwa” ya 2023 ni safari, siibezi. Imechukua miaka 64 kuvuka kutoka kauli moja hadi nyingine.

Wala si kwamba Waingereza hawakujua kauli ya kutenda walipokuwa kwetu. Si mbali na mchanga ule waliotembea wageni, pale Kengeleni, pana kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa watu waliookolewa utumwani. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekwenda Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani afunge soko la watumwa. Katika sentensi hiyo mtenda yupo, ana jina, ana cheo, na jina limebandikwa juu ya kijiji kizima. Frere alishinikiza. Wamisionari walianzisha. Nyali yote inajua nani alitenda wema ule, na ni haki ijue. Hola ni nani alitenda?

Wiki ile ile nilirudi kwa shangazi kusahihisha jibu langu. Nilimwambia Mfalme amesema pole, tena pole nzito, na kwamba amekataa udhuru. Alifikiri kidogo. “Basi wafiwa watamjibu asante,” akasema, “maana pole hujibiwa asante. Hawana neno jingine alilowapa.”

Hola mjini kuna shule ya sekondari inayoitwa Mau Mau Memorial. Kama katika shule zote za nchi hii, mwalimu wa Kiswahili huandika kitenzi ubaoni, akawaambia wanafunzi wakinyambue: kutenda, kutendwa, kutendeka, kutendea.